Shimo Kwenye Simenti

Jumanne, 1 Oktoba

Nimefagia uwanja mara mbili. Hakuna aliyeuchafua. Simenti haina majani, haina alama za miguu, na kuku niliwauza. Nafagia kwa mazoea tu. Kisha chai. Nimechemsha ya watu wawili tena, kwa kusahau, nikainywa yote.

Miaka thelathini na moja nilijaza jurnali ya darasa kila asubuhi: somo, lengo, saa. Inspekta akija, anaifungua hiyo kwanza. Sasa sina darasa wala inspekta. Mkono bado unataka kuandika, basi nauachia hili daftari.

Joto kali. Mawingu yamekaa juu ya milima tangu asubuhi, hayashuki. Mvua iko karibu na ninaiogopa.

Leo mkwe wa Mama Esperansi alikuja kutoka Luberizi. Mama Esperansi ni jirani yangu wa chini, kiwanja chake ndiyo parseli inayofuata tukiteremka kwenda ziwani. Kati yetu kuna ua wa matete tu, na matete hayazuii maneno. Mkwe alisema kwa sauti, nafikiri alitaka nisikie: "Mama, maji ikiingia tena, hata mara moja, tunakuhamisha. Hii nyumba tutaipangisha watu." Yeye aliendelea kuchambua maharage kwenye sinia.

Hata mara moja. Nimelirudia neno hilo siku nzima.

Alhamisi, 3 Oktoba

Niandike jambo lenyewe. Nimelizunguka tangu Aprili.

Agosti ya mwaka jana watoto wangu walichanga, nikasakifu uwanja wote, kutoka kizingiti cha nyumba hadi uani. Nilikuwa na fahari. Watu wa avenyu walikuja kuangalia. Mama Esperansi alivua kandambili akatembea juu yake, akacheka, akasema, "Mama Zaina, sasa weye uko Ulaya."

Zamani uwanja ulikuwa mchanga, na mchanga ulikunywa. Simenti hainywi. Aprili ilipopiga mvua ile kubwa, maji ya bati langu na ya uwanja wangu yalipita chini ya matete yakaenda kwake. Nyumba yake ni ya tofali mbichi. Ukuta wa jiko ukaanguka. Godoro likaloa, na mfuko wa unga.

Kesho yake nilimpelekea wali na samaki. Sikusema kitu. Sahani ilirudi imeoshwa, tupu. Miaka ishirini na sita ya ujirani, mimi Mwislamu na yeye mtu wa kanisa, Idi yangu na Noeli yake, na sahani haikuwahi kurudi tupu kati yetu.

Hakunitukana. Angenitukana ningepata pa kushika. Tunasalimiana njiani kama watu waliokutana kwenye foleni ya ofisi.

Halafu leo, radio. Agronomu mmoja, mtaalamu wa kilimo, alikuwa anaeleza namna ya kutengeneza bustani ya mvua nyumbani. Unachimba bonde fupi mahali pa chini pa uwanja, mbali na ukuta, unaelekeza humo maji ya bati, unapanda majani yanayovumilia maji na jua. Mvua inabaki kwako, haiendi kwa jirani. Niliacha kijiko ndani ya sufuria nikasimama kusikiliza. Alianza kusema "sasa, upande wa chini wa shimo," umeme ukakatika.

Jumapili, 6 Oktoba

Nimepima kwa hatua. Sita kwa nne, pale pembeni karibu na matete. Itabidi kuvunja simenti.

Nilimpigia Zaina, binti yangu, yuko Kalemie. Akasema, "Mama, tulikutumia simenti, sasa unatafuta shimo?" Kisha akasema nihamie kwake, ana chumba. Nikamwambia simu inakwaruza, simsikii. Simu haikuwa inakwaruza.

Kalemie kuna chumba. Mama Esperansi hayuko.

Jumatano, 9 Oktoba

Fundi Mulonda amevunja. Ni yeye aliyesakifu mwaka jana, na kila pigo la sururu alilipiga kwa uchungu. Alisema katika kazi yake yote hajawahi kuitwa kuvunja kitu ambacho hakijapasuka. Aliuliza kama nimeona ndoto. Nikamjibu avunje tu.

Majirani wa juu walipanda juu ya mawe kuchungulia. Mmoja aliuliza kama nachimba choo. Mwingine aliuliza kwa upole nani amefariki. Shimo refu uwanjani, na mimi mjane, nawaelewa. Nilijibu ni bustani. Walinyamaza kwa heshima, vile watu wanavyonyamaza mbele ya mzee anayeanza kupotewa na akili.

Upande wa chini, matete hayakutikisika.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimemaliza peke yangu. Mgongo umekatika.

Sehemu ya radio iliyokatika sikuhangaika nayo. Mimi nifundishwe maji? Nimezaliwa Luberizi, nimelelewa ndani ya mpunga. Kabla ya kupanda, Mama alitupanga mstari mmoja, watoto sita, tukakanyaga tope kwenda na kurudi mpaka kisigino kikipita hakiachi shimo. Hapo shamba limefungwa. Maji yanakaa mpaka utakapoyaruhusu mwenyewe.

Basi nimelifunga hivyo hivyo. Nilimwaga ndoo kumi na mbili, nikafunga kitenge juu ya magoti, nikakanyaga. Kwenda na kurudi, mguu kwa mguu. Kazi ya watoto sita nimeifanya mimi na miaka yangu sitini na mbili. Nilikamata ukuta wa matete nisianguke. Mara moja nilicheka kwa sauti, nikajishtua, maana sauti yangu nilikuwa sijaisikia tangu jana asubuhi.

Nimepanda mateke katikati, haya magimbi yetu, mchaichai pembeni. Udongo uliotoka nimeujenga tuta kuzunguka.

Nimefurahi. Naandika neno hilo polepole, lina muda mrefu halijaingia humu.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mvua ya kwanza. Nusu saa, mchana. Nilisimama mlangoni kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani wa serikali. Maji yalitoka batini, yakapita juu ya simenti, yakaingia shimoni. Yote. Yakapanda hadi kwenye vifundo vya mateke, yakatulia.

Kwa Mama Esperansi hayakwenda hata tone.

Mvua ilipokatika alitoka, akaangalia kizingiti chake, kisha akaangalia juu, huku kwangu. Akarudi ndani. Lakini aliangalia. Tangu Aprili alikuwa haangalii huku.

Alhamisi, 17 Oktoba

Maji bado yamo. Siku tatu.

Mwanzo nilijivunia, nikasema mwanafunzi mzuri wa mama yangu. Leo sijui. Yamegeuka kijani. Vijidudu vinacheza ndani, vile vinavyokuwa mbu. Mchaichai umeanza kuoza chini. Fundi Mulonda alipita, akainama, akasema, "Mwalimu, weye unataka kufuga samaki?" Alifikiri nitacheka.

Nimechota kwa beseni hadi mkono ukagoma. Maji yakimwagika hayazoleki, wanasema. Haya yangu yanazoleka sana, shida ni pa kuyapeleka. Nimeacha nusu.

Jumapili, 20 Oktoba

Sitaki kuandika. Naandika.

Saa nne asubuhi mlima ukawa mweusi. Mama Esperansi alikuwa ameenda kanisani, mlango wake na kufuli. Mvua ikashuka yote kwa mara moja. Shimo lilikuwa na maji ya zamani, halikuwa na nafasi. Likajaa upesi, kuliko ninavyoweza kueleza. Halikunywa hata kidogo. Nililifunga vizuri mno.

Tuta likavunjika. Upande gani? Wa chini. Maji yote pamoja, na tope, na mateke yangu, yakapita chini ya matete kwenda kwake. Kabla ya simenti yalikuwa yanakwenda kidogo kidogo. Kwa simenti yalikwenda mengi. Leo nilikuwa nimemkusanyia, nikampa yote kwa pigo moja.

Nilichukua jembe nikakimbia kuzunguka kwa njia ya avenyu. Nikapiga tope mbele ya mlango wake, nikaweka mawe, nikakaa chini mwenyewe kwenye kizingiti, mgongo kwenye mbao. Maji yalinipita huku na huku. Nilikuwa nayasikia yakiingia nyuma yangu, ndani, kwenye giza la nyumba ya mtu. Hakuna aliyepita njiani. Mvua vile, nani apite?

Mama Esperansi alinikuta hapo. Kitabu cha nyimbo ndani ya mfuko wa plastiki, viatu mkononi. Aliangalia jembe, akaniangalia mimi.

"Mama Zaina, acha. Inuka, utagonjwa."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kulisema. Alikuwa hatua mbili tu kutoka kwangu. Nikasema, "Mvua ya leo ilikuwa kubwa sana."

"Ndiyo," akasema. "Ilikuwa kubwa."

Akafungua kufuli.

Jumatatu, 21 Oktoba

Mkwe amekuja na pikipiki. Ameona, amepiga picha kwa simu, ameondoka. Watamchukua tarehe mbili.

Nimekaa ndani. Sijafagia.

Alhamisi, 24 Oktoba

Kipindi cha radio kimerudiwa. Umeme ulikuwepo. Hii pia ni adhabu.

Upande wa chini wa shimo, alisema yule agronomu, yaani sakafu yake, ulegezwe kabisa. Upige kwa mtaimbo, uchanganye mchanga na changarawe na mboji, ili maji yashuke ardhini. Maji yakilala humo zaidi ya siku mbili, umejitengenezea nyumba ya mbu. Halafu akasema maneno haya, nayaandika kama yalivyo: "Ndugu zetu wa mpunga ndio wanaokosea hapo, kwa sababu wao wamezoea kufunga."

Nilizima radio. Nikaiwasha tena, maana alikuwa anaendelea. Mwalimu mzima, nilisikiliza nusu ya somo nikajifanya nimehitimu. Mtoto wa mwaka wa tatu akinifanyia hivyo ningemrudisha akae.

Ijumaa, 25 Oktoba

Baada ya sala nimeshuka shimoni na mtaimbo. Udongo niliofunga kwa miguu yangu umekuwa kama sahani. Nimeuvunja kipande kwa kipande.

Kwa nini naendelea, sijui vizuri. Anahama hata hivyo. Labda mvua ikinyesha kabla ya tarehe mbili, na kwake kukabaki kukavu, mkwe atabadili mawazo. Najua kwamba hatabadili. Napiga mtaimbo.

Jumanne, 29 Oktoba

Toroli tano za mchanga wa mtoni, mbili za changarawe. Fundi Mulonda amesaidia kumwaga. Aliposikia habari ya kukanyaga alijishika kichwa. "Ungeniuliza, Mwalimu." Ni kweli. Kuuliza hakujawahi kuwa kazi yangu, kazi yangu ilikuwa kuulizwa.

Tuta la chini limeinuliwa. Mlango wa maji ya ziada sasa unatokea kwenye mtaro wa avenyu, si kwa jirani. Mateke mapya, mchaichai mpya, na matete machache kwa ajili ya mizizi.

Nimemwaga ndoo kumi kwa majaribio. Nilikaa juu ya kiti kidogo kuangalia. Maji yalishuka kama chai inayonyweka. Kabla ya adhuhuri shimo lilikuwa na unyevu tu.

Mbingu ni safi kabisa. Hakuna wingu hata moja. Nimeudhika na jua kama mtu anavyoudhika na mtu.

Ijumaa, 1 Novemba

Jua.

Jumamosi, 2 Novemba

Gari lilifika saa mbili. Pikap ya kukodi. Kitanda, meza, sufuria, mashine ya kushona, magunia mawili. Vitu vya maisha yote ya mtu vilipakiwa kabla chai yangu haijapoa.

Nilishuka. Nilikuwa nimepanga maneno tangu alfajiri, nimeyapanga kwa mpango wa somo: mwanzo, kiini, mwisho. Nilipofika nilianza kufunga kamba za godoro. Nikamwambia Luberizi asubuhi kuna umande, avae viatu vilivyofungwa. Nikamwambia soko la huko lina samaki wachache, azoee maharage. Nikamweleza mimi, mzaliwa wa huko, ni visima gani maji yake ni mazuri. Nilisema mengi. Nilikuwa nasikia mdomo wangu unatembea na ninaona jambo lenyewe linapita.

Alinisikiliza. Alikuwa amefunga kitambaa kipya cha kichwa, cha bluu. Mwisho akasema, "Minye nitakosa wa kunywa naye chai kule." Alisema hivyo tu. Kisha mkwe akapiga honi.

Nilipaswa kusema pale, mbele ya honi, mbele ya mkwe, mbele ya watu. Nikasema, "Mungu akufikishe salama."

Pikap ikakata kona. Nilibaki na kipande cha kamba mkononi. Nyumba yake ina kufuli mpya, nyekundu.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Nilifikiri methali hiyo inamhusu yeye. Inanihusu mimi.

Jumatatu, 11 Novemba

Mvua. Kubwa. Kubwa kuliko ya tarehe ishirini, saa mbili na nusu bila kupumzika. Barabara ya juu imekuwa mto, watu wamebebana mgongoni.

Shimo limepokea. Limejaa hadi chini ya tuta, ziada ikatoka vizuri kwenye mtaro wa avenyu. Nilishuka na mwavuli kuangalia kwake. Kizingiti kikavu. Ukuta mkavu. Nilipapasa mbao za mlango kwa chini, pale maji yalipopita nyuma yangu siku ile. Kavu.

Nilizunguka nyumba nzima. Hakuna wa kumwonyesha. Fundi hayuko, majirani wamejifungia. Nikasema kwa sauti, "Hakuna maji." Ilisikika vibaya, sauti ya mtu mmoja kwenye uwanja wa watu wengine.

Nimeilinda nyumba tupu. Hilo ndilo nililofanya.

Jumanne, 12 Novemba

Saa sita mchana shimo limekauka. Mateke yamesimama.

Jumatano, 20 Novemba

Wapangaji wamehamia chini. Mume, mke, mtoto mchanga. Vijana. Wana radio kubwa. Mke alinisalimia kutoka ng'ambo ya matete, "Jambo, Mwalimu." Nani kamwambia mimi ni mwalimu? Nilijibu, nikaingia ndani haraka bila sababu.

Mama Esperansi hajapiga simu. Mimi pia sijapiga. Namba yake naijua kwa kichwa. Najua pia nitakachosema akipokea: hali ya hewa, samaki, visima.

Jumamosi, 30 Novemba

Mvua nne wiki hii. Hakuna iliyokwenda chini. Watu wa juu hawaulizi tena nani kafariki. Wawili wamekuja kuangalia, mmoja amechukua mbegu ya mchaichai. Nilimweleza habari ya kutokanyaga. Nilimweleza mara tatu, akaaga kabla sijamaliza ya nne.

Jioni kabla ya magharibi yule mke kijana aliniita nikaone mtoto. Nilishuka. Ni mara ya kwanza kukanyaga uwanja ule tangu waingie. Alikuwa anamwogesha mtoto kwenye beseni, pale kwenye kivuli cha jiko. Ukuta wa jiko wameupaka chokaa.

Alikuwa na furaha, anaongea sana. Akasema nyumba ni nzuri, bei ni nzuri. Akasema, "Walituambia ile mama wa zamani alikuwa analia ati maji inaingia humu. Mwalimu, hizi mvua zote tumeona, hata tone. Alikuwa na uongo tu. Alitaka watoto wake wamuchukue."

Hakuwa na ubaya. Alisema hivyo huku akimimina maji kwenye kichwa cha mtoto, kiganja juu ya macho yake yasiingie sabuni.

Mimi ndiye niliyemfanya Mama Esperansi kuwa mwongo. Kwanza nilimtoa nyumbani kwake kwa maji, kisha kwa ukavu nikamtoa kwenye ukweli wake.

Nikasema, "Hapana. Hakudanganya. Ile maji iliingia mara mbili. Ilikuwa maji yangu. Ilitoka kwangu, ikabomoa jiko yake, na minye sikumuomba samahani."

Yule mke kijana aliinua uso. "Pole, Mwalimu," akasema, na akamfunika mtoto kitambaa.

Nilipanda kwangu. Nimeswali. Nimekula ndagala, dagaa wa ziwani, za mchana, baridi.

Kesho Jumapili. Mama Esperansi anatoka kanisani saa saba, na mpaka apike na ale ni saa tisa. Nitampigia saa tisa.